Programu ya kurekodi ilikuwa nzima Jinja, ikifika Mbale inakufa: nilivyomtafuta mchawi siku mbili kabla ya bibi yangu kupasuliwa shingo

Wakuu, salamu kutoka Mbale, mashariki mwa Uganda.

Ninachoandika hapa kimenitokea mimi mwenyewe, na laptop yenyewe ndiyo hii ninayoandikia. Sehemu nilizoonekana mjinga sijazifuta, maana ndizo zenye faida.

Kabla hamjaanza: ndiyo, ni Mganda na naandika Kiswahili. Kwetu ni Wanubi, wajukuu wa askari waliotoka Sudan zamani wakalowea huku. Nyumbani Kinubi, sokoni Kiswahili, shuleni Kiingereza. Chuoni nilisoma takwimu, na nilikaa chumba kimoja na msichana wa Mombasa aliyenisahihisha kila sentensi kwa miaka mitatu, hata nikiongea usingizini. Sasa nafundisha kompyuta katika sekondari moja hapa Nabuyonga.

Nina ugonjwa mmoja: siamini kitu mpaka nikijaribu. Mama anasema nilipokuwa mdogo niliungua kwa pasi mara mbili, ya pili nikiwa nahakikisha ya kwanza.

Twende.

Bibi yangu, sisi tunamwita Haboba, anaishi Namatala, mtaa wa hapahapa Mbale. Ana rovu shingoni, la miaka mingi. Zamani lilikuwa kama limau, mwaka huu likawa kama chungwa, na likaanza kumbana pumzi akilala. Daktari akasema litolewe, akapanga Jumatatu. Akatueleza pia, kwa uungwana kabisa, kwamba mishipa inayoendesha sauti inapita jirani na pale watakapokata. Wengi hutoka na sauti yao. Wengine hutoka na sauti nyingine.

Haboba hakulia. Aliuliza tu, "Hiyo sauti nyingine, itakuwa ya nani?"

Muelewe ni nani aliyeuliza hivyo.

Haboba ni mwimbaji wa doluka, ngoma ya wanawake wa Kinubi. Kwenye harusi yeye ndiye anayeshika wimbo, wengine wanaitikia. Anazo nyimbo alizotunga mama yake, hazijaandikwa popote, na anayezijua zote kwa mpangilio wake ni yeye peke yake. Kwa miaka tumemwomba tumrekodi, anakataa. Anasema wimbo ukishafungwa kwenye chupa unachacha.

Wiki ile akakubali. Jumamosi baada ya adhuhuri, sebuleni kwake, pamoja na wenzake wanne wa ngoma. Mara moja tu. Jumapili analazwa.

Sharti lake lilikuwa moja: simu haiingii.

Najua mtakachosema. "Si ungerekodi kwa simu tu, dada?" Wakuu, kwenye shughuli za wanawake wetu simu zote huachwa kwenye kikapu mlangoni, kwa sababu ndani watu wamevua mitandio na wanacheza watakavyo. Miaka kadhaa nyuma kuna mtu alificha yake, na video ya Haboba akicheza ikazunguka kwenye magrupu mpaka ikamfikia fundi wake wa viatu. Tangu hapo, kwake simu ni jicho. Nilimbembeleza, nikamwambia nitailaza kifudifudi.

Akanijibu, "Nyoka naye si hulala kifudifudi?"

Laptop akaikubali, kwa sababu niliziba kamera yake kwa plasta ya kidonda mbele ya macho yake, naye akaikagua kwa kidole.

Sasa tatizo ni kwamba laptop ndiyo iliyokuwa inanifia.

Niliinunua used kwa fundi mmoja wa Jinja anayeitwa Waiswa. Ana meza kwenye baraza la duka la zamani, yale maduka ya Wahindi yenye mwaka wa kujengwa umechongwa juu ukutani. Nyuma ya meza ana kachumba anakorekodia matangazo ya maduka na kaswida. Alinifungia programu ya kurekodi, akaipanga kitaalamu, akanijaribishia, sauti ikatoka safi. Nikanunua na microphone ya USB palepale, nikarudi Mbale nikiimba.

Nikaifungua programu chumbani kwangu Nabuyonga.

Nembo yake ikatokea katikati ya kioo. Chini yake maandishi madogo: inatafuta vifaa vya sauti. Halafu ikapotea. Hakuna ujumbe wa kosa wala samahani. Kama mgeni aliyechungulia mlangoni, akaona waliomo ndani, akaghairi.

Nikarudia. Vilevile. Nikarudia mara kumi na nne, kila mara inafia kwenye maandishi yaleyale, "inatafuta vifaa vya sauti". Mlio makini mmeshaanza kunishangaa. Mimi maandishi hayo niliyasoma mara kumi na nne na sikuyasikia hata mara moja.

Jumatano nikaomba ruhusa shuleni, nikaenda Jinja. Karibu saa tatu kwenda.

Waiswa ananiita afande. Huku kwetu Kiswahili wengi bado wanakihusisha na jeshi, na mimi nazungumza Kiswahili halafu nauliza maswali mfululizo, basi akaona cheo kinanifaa.

"Afande umerudi! Leo umekuja kukamata nani?"

"Wewe. Programu uliyoniwekea inakufa ikifunguliwa."

Akaipokea laptop, akaiweka mezani, akaifungua. Programu ikafunguka. Imetulia kabisa, inameremeta, utadhani ni mimi niliyeota.

"Nyabo, hii kitu iko muzima," akasema, nyabo yaani bibie kwetu. "Iko muzima kuliko mimi."

"Mbale haifunguki."

"Basi mgonjwa ni Mbale. Lete Mbale hapa mezani niangalie."

Baraza zima likacheka. Na mimi nilicheka, lakini njiani kurudi nilikuwa natafuna kucha.

Mbale: ikafa.

Alhamisi nikachora jedwali, maana ndivyo nilivyofundishwa. Unabadilisha kitu kimoja kwa wakati, unaandika kilichotokea. Umeme wa ukutani: inakufa. Betri peke yake: inakufa. Wi-Fi imezimwa: inakufa. Microphone imechomekwa, microphone imechomolewa: inakufa, inakufa. Nikascan virusi, hakuna. Nikaiondoa programu nzima nikaiweka upya, nikaona hapo nimeiweza.

Ikafa upya.

Wakati huo kila mtu ananipa dawa. Mwalimu mwenzangu wa fizikia akalaumu umeme wa mji huu, nikamwonyesha mstari wa betri kwenye jedwali. Mwingine akasema ni ubaridi wa mlima ulio jirani na mji. Shangazi yangu Zamzam, ambaye ndiye mpiga ngoma wa Haboba, akasema nyimbo zile zina wenyewe na huenda hawataki zitolewe nje.

"Shangazi, inakufa kabla hata hamjaimba."

"Wenyewe wanajua unachotaka kufanya."

"Basi Jinja hawajui?"

"Jinja ni mbali," akasema.

Ijumaa nikaenda tena Jinja. Ndiyo, tena. Safari hii nikashika simu nikamrekodi Waiswa video akifungua programu, ili asije akaniruka. Nikamlazimisha aifungue mara tano. Tano kwa tano, nzima. Akapiga picha na laptop kama mtu aliyeshinda kesi.

Wakati wa kurudi gari likasimama Iganga, watu wanashuka kununua mahindi. Nikajiuliza, je, programu inakufia wapi hasa? Nikaifungua palepale mapajani.

Ikafa.

Wakuu, niliruka kwenye kiti! Mama aliyekaa pembeni yangu akauliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana mama, nimefurahi. Akasogea mbali kidogo.

Maana siku tatu nilikuwa nauliza, "Mbale kuna nini?" Kumbe swali lilikuwa limekaa kichwa chini. Iganga si Mbale, na imekufa. Mbale haina kosa. Programu inakufa popote, ila kwenye meza ya Waiswa. Swali sahihi ni: pale mezani kuna nini?

Ni hatua kubwa sana, na haikunisaidia. Nililala nikijiuliza pale kuna nini na sikupata jibu. Nilikuwa nimeiangalia meza ile kwa macho yangu mara tatu.

Jumamosi ikafika.

Naingia kwa Haboba, wenzake wameshakaa. Ngoma zimeshaanikwa juani ngozi zikakaza. Chai ya tangawizi iko tayari, ubani unafuka. Haboba amevaa gurbaba yake mpya, vazi letu la kitambaa kinachozungushwa mwilini, na kidani chake cha dhahabu amekivaa juu ya rovu kama anaambia ugonjwa ukae chini yake. Simu yangu ikaingia kikapuni pamoja na zao.

"Mwalimu, tufunge mlango?" akauliza.

Nilikuwa nimekuja kumwambia haitawezekana. Badala yake nikafungua laptop, nikabonyeza, nikaomba Mungu, kitu ambacho hakimo kwenye jedwali.

Ikafa mbele ya wanawake watano.

"Imezimika?" Haboba akauliza.

"Haijazimika. Imekataa."

"Imekataa mimi?"

Alisema kwa utani, lakini mkono wake ulienda shingoni. Hapo ndipo nilipotaka kulia. Mtu amekataa miaka yote, siku amekubali, mashine inamkataa yeye.

Nikawaeleza ukweli wote: Jinja inafunguka, hapa haifunguki, Iganga haifunguki, na sijui kwa nini. Shangazi Zamzam alinisikiliza mpaka mwisho. Yeye ni mpishi wa pilau za harusi, na alinijibu kipishi.

"Mtu akiniambia pilau yangu haimtoki kwake wakati kwangu inatoka, simuulizi ameweka nini. Atanitajia vilevile nilivyomfundisha. Namuuliza, kwangu uliona nini mekoni kabla sijaanza? Maana mimi sufuria yangu haioshwi na sabuni, na hilo siwezi kumfundisha mtu, maana hata silifikirii. Haya. Huyo fundi wako, kabla hajafungua hicho kitu, mkono wake unafanya nini?"

"Anaifungua tu."

"Mkono wake unafanya nini, wewe mtoto!"

Nikafumba macho. "Anaipokea laptop. Anapangusa kioo na shati lake. Anaiweka mezani upande wa kushoto. Anachomeka waya wa spika zake. Anapiga muziki kidogo watu wasikie mashine inaimba, halafu..."

"Rudia hapo."

"Anachomeka waya wa spika."

"Na hapa umechomeka waya wa nani?"

Wakuu.

Nilikimbilia kikapuni. Mmoja wao akapiga kelele "Jicho! Jicho!" nikamwambia natoka nayo nje, mama, nje. Nikafungua ile video niliyomrekodi Waiswa. Sekunde ya kwanza kabisa, kabla programu haijaguswa, kuna taa nyekundu pembeni ya picha. Taa ya kisanduku chake cha sauti. Waya wa spika hauingii kwenye laptop moja kwa moja, unapitia kile kisanduku, na kisanduku ndicho kinachoingia USB. Ile audio interface wanayotumia watu wa studio. Ushahidi nilioutafuta niliushika mkononi mwenyewe tangu jana.

Nikampigia simu.

"Waiswa, ile programu uliipanga itoe sauti kupitia wapi?"

"Afande, nilikuwekea driver ya kisanduku changu, ile programu ndogo inayokiendesha. Hiyo ndiyo sauti safi. Ile driver ya laptop ni takataka."

"Na kisanduku kikiwa hakipo?"

Akajibu, kwa mshangao wa kweli kabisa:

"Kwa nini kisiwepo?"

Siwezi kumkasirikia. Kisanduku kile hakijawahi kutoka kwenye meza yake. Kila laptop inayofika pale, kitu cha kwanza anaichomeka, ili mteja asikie muziki na moyo wake utulie. Ni ukarimu wake. Na ukarimu huo ndio uliokuwa unauficha ugonjwa kila nilipompelekea mgonjwa. Programu ikiamka inatafuta kisanduku. Jinja inakikuta. Kwingine kote inakitafuta, haikioni, inakata tamaa na kufa. Programu yenye adabu ingesema, "Kifaa chako sikioni, nitumie kingine?" Hii haikulelewa hivyo.

"Nakutumia kisanduku sasa hivi," Waiswa akasema. "Nampa dereva."

"Kitafika saa ngapi?"

"Jioni."

Nikamwangalia Haboba kupitia mlangoni. Alikuwa anakunywa chai kwa kijiko, kwa sababu kumeza kulishaanza kumpa tabu. Sauti yake mchana huwa ipo, jioni huwa imekwisha. Kisanduku cha jioni kingemkuta mwanamke anayenong'ona.

"Usitume," nikasema.

Sasa sikieni mtego wenyewe. Ili ubadilishe driver, lazima ufungue settings za programu. Ili ufungue settings, programu ifunguke. Ili ifunguke, iwe na kisanduku. Ni kama ufunguo uliofungiwa ndani ya nyumba.

Nikakaa chini kwenye mkeka na laptop, wanawake wamenizunguka kama nazalisha. Nikajiuliza: nilipoondoa programu na kuiweka upya Alhamisi, mbona ilikumbuka? Kitu kipya kinakumbukaje mambo ya zamani? Maana yake kumbukumbu haikai ndani ya programu. Inakaa pengine, na mimi sikuifuta.

Nikawasha uwezo wa kuona folder zilizofichwa. Nikapekua. Nikaikuta folder yenye jina la programu, imekaa kimya, na ndani yake faili moja la maandishi ya kawaida tu la settings. Nikalifungua. Mistari kibao ya mambo nisiyoyajua. Nikatafuta jina la kisanduku cha Waiswa, lile nililoliona kwenye video limeandikwa juu yake.

Lipo! Mstari mmoja. Kifaa cha sauti ni fulani.

Nikatoa nakala ya faili kwanza (fanyeni hivyo siku zote, msiwe mashujaa). Nikafuta ule mstari. Nikasave. Nikabonyeza programu.

Nembo. Inatafuta vifaa vya sauti. Nikashika pumzi. Wao pia wakashika, bila kujua tunasubiri nini.

Ikafunguka.

Ikakaa.

"Imekubali!" nikapiga kelele, na wanawake watano wakaachia vigelegele mpaka majirani wakadhani bwana harusi amefika. Nadhani hakuna driver ya sauti duniani iliyowahi kupigiwa vigelegele vile. Shangazi Zamzam alikuwa ameshakamata ngoma.

Na hapa, wakuu, ndipo nilipofanya jambo ambalo mpaka leo linasimuliwa Namatala.

Nikaifunga programu, nikaurudisha ule mstari, nikaifungua tena.

Ikafa.

"Ahaa!" nikasema kwa furaha.

Haboba akaweka kijiko chini. "Umeshaitengeneza," akasema polepole, "unaiharibu tena kwa nini?"

"Haboba, lazima nijue kama kweli ndiyo hiyo. Pengine ilifunguka kwa bahati."

"Bahati si ungeiacha ikae?"

"Mtoto huyu aliungua pasi mara mbili," Shangazi akawaambia wenzake. Wote walikuwa wanaijua hadithi.

Nikaufuta tena mstari. Ikafunguka. Nikarudisha, ikafa. Nikafuta, ikafunguka. Sasa nikaamini. Haboba akaninyooshea kidole: "Ukiigusa tena, Jumatatu nitamwambia daktari akate na wewe."

Kisha nikaingia settings, ambazo sasa zilifunguka kama mlango wa kila mtu, nikachagua driver ya kawaida ya laptop kwa kutoa sauti, na microphone yangu ya USB kwa kuingiza.

Jambo dogo kwa wanaorekodi: msiamini jina lililoandikwa pale. Kwaruzeni microphone kwa ukucha mwone kama mstari wa kiwango cha sauti unaruka. Mimi nilikwaruza, mstari haukuruka. Nikakwaruza laptop karibu na kioo, ukaruka. Kumbe kule juu nilichagua microphone ya USB, lakini track yenyewe, ile njia inayorekodiwa, bado ilikuwa inasikiliza ile ya ndani ya laptop. Nikarekebisha, nikakwaruza tena, ukaruka sawasawa. Bila ukucha ningerekodi mchana mzima wa feni na vikombe.

Mlango ukafungwa. Pazia likashushwa. Haboba akaniuliza aimbe akiangalia wapi, nikamwonyesha microphone. Akaitazama kama mtu anayemtazama mkwe mpya.

"Hii haina macho?"

"Haina."

"Ina masikio tu."

"Masikio tu, Haboba."

"Basi ina adabu."

Akaanza.

Siwezi kuwaandikia maneno, hajaniruhusu. Naweza kusema tu kwamba wimbo wa kwanza unataja wanawake waliotembea kwa miguu nyuma ya askari, mmoja mmoja kwa jina, na kila jina lina kibwagizo chake cha kumtania. Huyu aliyekataa kubeba sufuria. Huyu aliyemnyoa mumewe akiwa amelala. Ngoma zikaingia, mmoja akaanza kucheza, sakafu ikatetemeka, nikapunguza kiwango cha sauti haraka maana mstari ulikuwa unagonga juu. Rovu lilikuwa linapanda na kushuka shingoni mwake, na sauti ilipita hapohapo kando yake kana kwamba hakuna kitu.

Katikati ya wimbo wa tatu ikaadhiniwa alasiri. Akasimamisha wimbo kwenye neno, wakaswali, wakarudi, akaendelea kwenye neno lilelile. Adhana imo kwenye rekodi, sijaikata.

Nyimbo saba. Wimbo wa saba sauti ilianza kukwaruza mwishoni, akaumaliza hivyohivyo, akasema, "Yatosha." Nikasave. Nikacopy kwenye flash mbili. Flash moja akaichukua yeye, akaifunga kwenye pindo la gurbaba yake.

Jumatatu akapasuliwa.

Ametoka salama, alhamdulillah. Rovu limekwenda, analala chali sasa, anameza ugali. Lakini sauti haikurudi ilivyokuwa. Wiki za kwanza alikuwa ananong'ona. Sasa anaongea kwa sauti nzito yenye mikwaruzo, na akijaribu kupanda juu inakatika. Daktari anasema huenda ikaendelea kuimarika, huenda isifike. Mimi hilo nimelipokea kama lilivyo, maana hata yeye amesema huenda.

Niliogopa kumsikilizisha rekodi. Nikaona ni ukatili. Yeye ndiye aliyeiomba, Ijumaa moja baada ya swala. Nikamvalisha headphone juu ya mtandio. Akasikiliza wimbo wa kwanza wote bila kusogea, macho chini, kidole kinapiga ngoma gotini.

Ulipoisha akavua headphone akaniangalia.

"Huyu mwanamke," akasema kwa ile sauti yake mpya, "anajisikia sana."

Akazivaa tena.

Siku hizi wajukuu wa kike wanakuja Ijumaa kujifunza. Laptop inaimba, Haboba anasimama mbele yao, anawaonyesha kwa mkono wapi wapande na wapi wakate pumzi. Wakikosea hahitaji sauti. Ana kijiko cha mbao.

Wakuu, nilichojifunza. Nilibeba mgonjwa mara mbili kumpeleka pale anapokuwa mzima, na sikuuliza hata mara moja pale pana nini kilichomponya. Kitu kikifanya kazi mahali pamoja tu, chunguzeni pale kinapofanya kazi, na msimuulize fundi pekee, maana kile anachokifanya kila siku hakioni tena. Angalieni mkono wake. Na maandishi madogo mashine inayoyatoa kabla ya kufa, yasomeni. Yangu iliniambia tangu siku ya kwanza kwamba inatafuta vifaa vya sauti.

Waiswa nilimpelekea habari. Sasa akimaliza kupanga laptop ya mtu anachomoa kisanduku, anaizima, anaiwasha tena peke yake. Anaita hiyo "test ya afande".

Sasa nanyi semeni. Nani ameshakutana na programu inayofia kwenye driver ya sauti, na mlitokaje? Kuna njia fupi kuliko kupekua folder zilizofichwa? Na nyie mnaoniandalia jibu la jini, karibuni pia, ila njooni na jedwali.

Mimi naishia hapa, laptop inahitajika. Haboba ameshavaa headphone na anataka wimbo wa nne.